Mganga Hajigangi: Mwongozo kwa Daktari Mkuu Aliyeanza Kulemewa

Simu ya mganga mfawidhi hailali. Saa kumi na moja alfajiri muuguzi wa wodi ya wazazi anampigia: damu ya kundi O imekwisha na kuna mama anayeendelea kuvuja. Saa moja na nusu yuko kwenye kikao cha asubuhi akisikiliza ripoti ya zamu. Saa tatu anaingia chumba cha upasuaji. Akitoka anakuta simu tano ambazo hakuzipokea: mbili za ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri, moja ya diwani ambaye ndugu yake amelazwa kwenye ukumbi kwa kukosa kitanda, moja ya fundi wa jenereta, na moja ya mwanawe. Mezani zinamngoja hoja za ukaguzi zinazotakiwa kujibiwa kabla ya Ijumaa, pamoja na madai ya bima yaliyokataliwa. Jioni watumishi wawili wanataka kumwona kuhusu posho ya zamu. Simu ya mwanawe anaikumbuka saa nne usiku, mtoto keshalala.

Wanaoifahamu kazi hiyo wanajua kuwa hiyo ni siku nzuri. Siku mbaya ni ile ambayo yule mama wa alfajiri amefariki.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya daktari bingwa ambaye ndiye pekee wa fani yake mkoa mzima, mganga mkuu wa wilaya, muuguzi mkuu na mkurugenzi wa hospitali. Daktari kijana aliye kwenye mafunzo kwa vitendo ana wenzake wa rika moja wa kulalamika nao. Mkubwa hana. Akilalamika kwa walio chini yake, atawavunja moyo. Akilalamika kwa walio juu yake, ataonekana kashindwa kazi. Kwa hiyo hunyamaza, na akizidiwa hufunga mlango wa ofisi na kujiandikia dawa ya usingizi. Wahenga walisema mganga hajigangi, na hapo ndipo pa kuanzia.

Elewa kinachokusumbua

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyekuwa akijitolea katika kliniki ya bure jijini New York, alieleza hali aliyoiona kwa wafanyakazi wenzake na kwake mwenyewe: watu walioingia kazini na ari kubwa wakageuka kuwa wachovu, wenye hasira na wasiojali. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson wakachapisha dodoso la kuipima. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiweka katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, likiitaja kuwa hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kudhibitiwa. Halikuiita ugonjwa.

Hali hiyo, ambayo hapa itaitwa uchovu sugu wa kazi, ina dalili kuu tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu hata baada ya kupumzika. Ya pili ni moyo kujitenga na kazi: mgonjwa anakuwa "yule wa kitanda cha sita", na machozi ya ndugu yanageuka usumbufu. Ya tatu ni kuona kwamba kila unachofanya hakina faida.

Sonona ni jambo jingine, ingawa mara nyingi hukaa nyumba moja na uchovu huo. Uchovu wa kazi umefungwa na kazi, na kwa kawaida mtu akiwa mbali nayo hupata ahueni. Sonona humfuata hadi kijijini kwao. Chakula hakina ladha, harusi ya mpwa wake haimfurahishi, na usingizi unakatika saa tisa usiku hata kama simu imezimwa. Tofauti hii ina maana kubwa, kwa sababu wa kwanza anahitaji zaidi mabadiliko ya kazi na wa pili anahitaji tiba.

Kuna jambo la tatu ambalo madaktari wa Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa na mtu. Mwaka 2018 madaktari wawili wa Marekani, Simon Talbot na Wendy Dean, waliandika kwamba wengi wanaosemwa wamechoka kwa kweli wamejeruhiwa dhamiri: wanajua mgonjwa anahitaji nini, na mfumo hauwaruhusu kumpa. Walikuwa wakizungumzia nchi tajiri. Daktari bingwa wa watoto mwenye vichanga vitatu na mtungi mmoja wa oksijeni analijua jeraha hilo kwa undani zaidi. Msimamizi wa hospitali ya Kenya aliyekaa katikati ya madaktari waliogoma na wagonjwa waliokosa huduma, katika mgomo wa siku 100 ulioanza Desemba 2016 au ule wa siku 56 wa mwaka 2024, analijua pia. Jeraha la namna hiyo halitibiwi kwa semina ya kupumua taratibu.

Jipime kama unavyompima mgonjwa

Daktari huwa hodari wa kuona dalili kwa wengine na kipofu kwa zake. Dawa ya upofu huo ni kutumia kipimo kilekile anachokitumia kliniki. Chukua PHQ-9, dodoso la kupima sonona, kaa peke yako, lijibu kwa kalamu kuhusu wiki mbili zilizopita. Lina maswali tisa na alama zake ni kuanzia 0 hadi 27. Ukifika 10 au zaidi, mwone mtaalamu. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Hapo jibu lolote lisilokuwa sifuri linahitaji mazungumzo na mtu mwingine siku hiyohiyo, hata kama jumla yako ni ndogo.

Kisha jiulize mambo ambayo dodoso haliulizi. Je, moyo unakudunda ukisikia mlio wa simu, hata ya mtu mwingine? Je, unaahirisha kufungua barua pepe za wizara? Ulimfokea nani wiki hii mbele ya wagonjwa, na ungemfokea miaka mitano iliyopita? Bia moja ya jioni imekuwa ngapi? Umejiandikia dawa gani tangu mwaka uanze? Mke au mume wako angejibu vipi maswali haya kwa niaba yako? Hili la mwisho usilikisie. Muulize.

Tafuta daktari wako

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, na ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Mkubwa wa hospitali huogopa kuonekana kwenye foleni ya kliniki ya afya ya akili anayoisimamia mwenyewe. Hofu yake ina msingi: mpokezi anamjua, mfamasia anamjua, na faili lake litapita mikononi mwa watu anaowaandikia tathmini za utendaji. Wengine huogopa zaidi leseni na cheo. Mwaka 2020 hofu hiyo ilijulikana duniani kote kupitia kisa cha Dkt. Lorna Breen, mkuu wa idara ya dharura katika hospitali moja ya kaskazini mwa Manhattan. Aliugua Uviko mwezi Machi, akarudi kazini wodi zikiwa zimefurika, akazidiwa, na tarehe 26 Aprili akajiua akiwa na umri wa miaka 49. Ndugu zake walieleza kwamba alihofia kupoteza leseni na heshima kwa wenzake kwa sababu tu alikuwa ametafuta msaada. Machi 2022 Marekani ilitunga sheria yenye jina lake, ya kugharamia mipango ya kulinda afya ya akili ya watoa huduma za afya.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua daktari ambaye hayuko chini yako wala juu yako, na ikiwezekana awe nje ya wilaya au kaunti yako. Anayefanya kazi Bukoba anaweza kwenda Mwanza; wa Voi anaweza kwenda Mombasa. Mweleze tangu mwanzo kwamba unataka kutibiwa kama mgonjwa yeyote: achukue historia yote, apime presha, sukari na tezi la shingo, asikuruhusu kujitajia ugonjwa wala kujichagulia dawa. Madaktari wanaowatibu madaktari hukosea mara nyingi kwa adabu. Huogopa kumuuliza mkubwa kuhusu pombe, unyumba au mawazo ya kujiua. Mpe ruhusa ya kuuliza.

Usijitibu. Diazepamu iliyo kwenye droo na dawa kali za maumivu zilizo kwenye kabati la chumba cha upasuaji ziko karibu mno na mkono wa daktari mwenye usiku mrefu, na uteja wa namna hii huanza na kidonge kimoja cha kupata usingizi.

Ushahidi kwamba kuonana na mtu kunasaidia upo. Nchini Norway, tangu mwaka 1998, madaktari wenye matatizo hupokelewa katika kituo kiitwacho Villa Sana, wengine kwa siku moja ya ushauri na wengine kwa kozi ya wiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la BMJ uliwafuatilia: walipofika, asilimia 35 walikuwa kwenye likizo kamili ya ugonjwa, mwaka mmoja baadaye waliobaki kwenye likizo hiyo walikuwa asilimia 6, na uchovu wa moyo ulikuwa umeshuka. Mwaka huohuo wa 2008 Uingereza ilianzisha jijini London huduma ya siri ya kuwatibu madaktari, chini ya Dkt. Clare Gerada. Hapa kwetu vyama vya madaktari vina wanachama wa kutosha kuandaa orodha ya wataalamu walio tayari kuwatibu wenzao kwa siri. Mwenye cheo ndiye anayeweza kulidai jambo hilo kwenye mkutano mkuu likasikilizwa.

Rudisha usingizi, kisha likizo

Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid, wakiwa Australia, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi za umakini kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza mtu kuendesha gari. Akifika saa 24, anafanana na mwenye 0.10. Hakuna mganga mfawidhi ambaye angemruhusu mlevi kushika kisu. Kumruhusu daktari bingwa aliyekesha afanye upasuaji usio wa dharura asubuhi ni jambo la aina ileile.

Madhara hayaishii kwa mgonjwa. WHO na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalichapisha mwaka 2021 hesabu kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaongeza hatari ya kiharusi kwa takriban asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Yalikadiria kuwa saa hizo nyingi zilichangia vifo 745,000 mwaka 2016.

Hatua zinazowezekana hata katika hospitali ndogo ni hizi:

Panga kaimu wa usiku, na umpe mamlaka ya kweli. Anayekaimu bila uwezo wa kuidhinisha mafuta ya ambulensi au kuita timu ya upasuaji atakuamsha tu. Andika kwenye karatasi moja mambo yanayostahili kukuamsha, kwa mfano kifo cha mzazi, moto, ajali yenye majeruhi wengi. Yaliyobaki yasubiri asubuhi.

Tenganisha simu. Laini ya kazi ikabidhiwe kwa aliye zamu na kusainiwa, kama funguo za kabati la dawa. Kundi la WhatsApp la timu ya uendeshaji liwe na saa ya kufungwa, na mkubwa awe wa kwanza kuitii, kwa sababu ujumbe wa bosi wa saa tano usiku hakuna anayeuchukulia kuwa wa hiari.

Chukua likizo yako yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku zisizopungua 28 kwa mwaka. Ya Kenya ya mwaka 2007 inataja siku za kazi zisizopungua 21. Wakubwa wengi hujivunia kutokwenda likizo kwa miaka. Hospitali isiyoweza kukaa wiki nne bila mtu mmoja iko hatarini, kwa maana mtu huyo anaweza kuugua kesho. Ondoka na barua ya kukaimisha iliyosainiwa, na laptopu ibaki ofisini.

Baada ya kosa au kifo

Mwaka 2000 Dkt. Albert Wu wa Marekani alieleza kisa cha daktari kijana aliyeshindwa kusoma dalili kwenye kipimo cha umeme wa moyo, na jinsi wenzake walivyomhukumu kwa minong'ono kabla hajaulizwa lolote. Wu alimwita mhudumu wa namna hiyo mhanga wa pili. Baadhi ya familia za wagonjwa zimelipinga jina hilo, na zina haki: aliyedhurika ni mgonjwa, na ukweli anaostahili kuambiwa usicheleweshwe kwa kumhurumia daktari. Hata hivyo maumivu anayoyazungumzia Wu ni ya kweli, na kwa daktari mkuu huwa makali zaidi kwa sababu yeye ndiye pia mwenyekiti wa kikao cha kujadili kifo cha mgonjwa.

Ndani ya saa 24 baada ya kifo cha namna hiyo fanya mambo manne. Zungumza na familia kwa ukweli, ukiwa umekaa, pamoja na mwenzako. Kabidhi orodha ya upasuaji ya siku hiyo kwa mwingine, au iahirishe. Omba mtu mwingine aongoze kikao cha kujadili kifo hicho, iwapo ulishika kisu wewe au uamuzi ulikuwa wako. Mwisho, mtafute daktari mmoja wa rika lako na umsimulie tangu mwanzo. Usilale nalo peke yako.

Mkubwa anayesema mbele ya vijana, "Mwaka fulani na mimi nilikosea hivi, na nilifanya hivi kurekebisha," huwafundisha zaidi ya mhadhara wa usalama wa mgonjwa.

Tengeneza kazi, usitengeneze watu tu

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini unataka waajiri wabadilishe mazingira ya kazi yenyewe na wawafundishe mameneja kutambua na kuwasaidia watumishi wenye msongo. Msimamizi wa hospitali yuko katika nafasi ya pekee hapa: anaumizwa na mfumo, na papo hapo yeye ni sehemu ya mfumo unaowaumiza wengine.

Anza na ratiba ya zamu. Ichapishwe mapema, mwezi mzima, na mabadiliko yaandikwe. Anayetoka zamu ya usiku asiitwe kwenye kikao cha mchana. Kisha hesabu vikao vya wiki moja na ripoti zinazodaiwa. Futa kile ambacho hakijawahi kuzaa uamuzi. Kazi za karani zisifanywe na daktari bingwa anayesubiriwa na wagonjwa 40. Upungufu unaojirudia, wa damu au oksijeni, uandikwe kwa tarehe na kupelekwa juu kwa maandishi. Mtungi hautafika siku hiyo, lakini jeraha la dhamiri hupungua pale mtu anapojua kwamba alisema, na ushahidi upo.

Halafu anzisha saa moja ya mazungumzo kila mwezi. Katika miaka ya 1950 daktari Michael Balint aliwakusanya madaktari wa London kuzungumza juu ya wagonjwa waliowasumbua moyoni. Baadaye mwanasheria wa Boston, Kenneth Schwartz, aliyefariki mwaka 1995 kwa saratani ya mapafu, aliacha msingi wa vikao ambavyo watumishi wa fani zote husimuliana namna kazi inavyowagusa. Havihitaji bajeti zaidi ya chai na maandazi. Vina masharti machache: hakuna muhtasari unaoandikwa, hakuna anayetoa ushauri asioombwa, na yanayosemwa hayapelekwi kwenye tathmini. Mkubwa azungumze kwanza, kwa ufupi, kuhusu yeye mwenyewe. Akianza kwa hotuba, kikao kimekufa.

Ukimwona mwenzako anazama

Dalili huonekana: bingwa mpole anakuwa mkali, aliyekuwa anawahi raundi anachelewa, anaanza kugawa vitabu vyake, anaaga kwa maneno yasiyo ya kawaida. Usimtumie ujumbe wa kumwombea halafu ukaishia hapo. Nenda. Mkae faragha na umuulize waziwazi: "Daktari, umefikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, humpa nafasi ya kupumua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Ondoa dawa na vitu vya hatari karibu naye, mshirikishe ndugu anayemwamini, na umsindikize kwa mtaalamu siku hiyohiyo, ikibidi kupitia idara ya dharura ya hospitali nyingine.

Woga wa sheria umewazuia wengi kusema. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Popote ulipo, mtu aliye hatarini ni mgonjwa wa dharura, na madaktari wanajua namna ya kupokea dharura.

Wiki hii

Oktoba 2017 Chama cha Madaktari Duniani, kikikutana Chicago, kilirekebisha kiapo cha Geneva na kuongeza ahadi mpya: daktari atatunza afya yake mwenyewe ili aweze kutoa huduma bora. Tangu hapo kujitunza ni sehemu ya kiapo chenyewe, pamoja na kutunza siri za mgonjwa.

Basi, daktari, kabla ya Ijumaa fanya mambo matatu tu kati ya yote yaliyoandikwa hapa. Jibu yale maswali tisa. Andika jina la daktari atakayekutibu na umpigie kuomba miadi. Saini barua ya kumkaimisha mtu kwa wikiendi moja, umkabidhi laini ya kazi, na uende nyumbani mapema uwakute watoto hawajalala.